Mawe, Kivuli na Mimea Isiyoinuka

Karibu kila mtu aliyenipa kazi kule Lushoto alinipa agizo lilelile: "Fundi, nataka maua mafupi yafunike mawe." Ukiuliza mawe yenyewe yako wapi, unaonyeshwa chini ya mkafuri wa enzi za Wajerumani, au nyuma ya nyumba, upande ambao jua halifiki ila kidogo asubuhi. Kisha tajiri anataja maua aliyoyaona yakiuzwa kando ya barabara. Hapo ndipo mabishano yanapoanza, kwa sababu mengi ya maua hayo ufupi wake ni wa jua. Yatie kivulini, na kabla mwezi haujaisha shina limerefuka, vifundo vimeachana, majani yamepauka, mmea mzima umelalia upande wenye mwanga.

Tofauti ya ufupi wa jua na ufupi wa asili niliifahamu Amani, Usambara Mashariki, nilikoanzia kazi nikiwa kibarua wa kujaza udongo kwenye viriba. Wajerumani walianzisha pale taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, wakapanda miti ya kutoka pande zote za dunia, na bustani ile bado ipo. Lakini msimamizi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, hakutufundishia bustanini. Alitushusha mtoni, kwenye miamba inayotoa jasho la maji mwaka mzima, akatuambia, "Vijana, tazameni nini kimeshika jiwe. Hicho hakuna haja ya kukikata kiwe kifupi."

Tulichokiona kilikuwa cha namna mbili. Kuna mimea ambayo shina lake ni kama halipo, majani yote yanatoka mahali pamoja na kulala mviringo juu ya jiwe. Na kuna inayotambaa, ikitia mizizi kila kifundo kinapogusa unyevu. Zaidi ya hapo ni kuvumwani na kangaga ndogo. Tangu siku zile, nikipelekewa mche nisioujua, naangalia shina kwanza, ua baadaye.

Katika kundi la kwanza hakuna mmea unaoishinda sentipaulia. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mimea hiyo kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen akaiandika na kuipa jina kwa heshima ya familia ya mtawala huyo. Leo inakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaoinunua hawajui kwamba kwao ni kwenye mwamba. Tena si mwamba mmoja: huku milimani inashika mawe magumu yasiyo na chokaa, na kule chini karibu na Tanga inaota kwenye mawe ya chokaa. Kwa hiyo mteja akiniuliza jiwe gani linafaa, namjibu kwamba sentipaulia haichagui sana jiwe. Inachagua ubaridi wa jiwe na maji yasiyotuama. Mizizi yake ni mifupi. Kiganja cha mboji ya majani iliyochanganywa na changarawe kinatosha, kikishindiliwa kwenye ufa. Ukiipa udongo mwingi unaoshika maji, inaoza shingoni.

Kuichimba msituni sikukubali kamwe, ingawa niliombwa mara nyingi na watu wenye pesa. Aina nyingine zimebaki kwenye eneo dogo mno, na msitu ukifunguliwa jua linazikausha. Wala hakuna sababu: jani moja likichomekwa na kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu litatoa vichipukizi. Subira tu.

Adui mkubwa wa bustani za mawe, kwa maoni yangu, ni saruji. Fundi mwashi akishaachiwa mawe huyaunganisha yote mpaka hakuna hata ufa wa kuingiza kidole, halafu naitwa mimi nipande. Nipande wapi? Mara nyingi kazi yangu ya kwanza ilikuwa nyundo na patasi, nikifungua vishimo huku mwashi akininunia.

Kivuli nacho si kimoja. Penye kivuli kibichi, karibu na maji, unaweza kuchanganya sentipaulia, peperomia na begonia zinazotambaa. Chini ya mkaratusi ni habari nyingine. Ule mti unakunywa kila tone, na hapo sipotezi muda na maua. Naweka nyasi za mondo na mkonge mwitu wa kibeti, namwambia mteja azoee rangi ya kijani.

Bado nina mteja mmoja, mama ambaye sasa ni mtu mzima sana, aliyeng'ang'ania mmea wa jamii ya kongwa wenye milia ya fedha na zambarau. Nilimweleza, "Mama, huu hauna adabu, kila kipande kinachoanguka kinaota." Akasema ni mzuri, na kweli ni mzuri. Ulifunika mawe yote msimu mmoja wa mvua, ukameza begonia, ukaanza kushuka kuelekea kijito cha jirani. Hataki kusikia habari ya kuutoa. Kwa hiyo kila baada ya masika naitwa, naung'oa mpaka mawe yaonekane, nautia kwenye magunia usifike majini, na yeye anachagua kipande kimoja ananipa nikirudishe penye ufa. Kisha ananilipa.