Moto wa Goma, Mawe ya Kirumba

Sisi wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, tunaijua Goma kwa mzigo: magunia yanapakiwa hapa Mwanza, yanapita Rwanda, yanashushwa Kongo. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 nilikuwa huko nikifuatilia fedha zangu. Jioni, anga ya upande wa mlima Nyiragongo ikawa nyekundu. Mwenyeji wangu akanishika mkono: "Mama, tukimbie, volkano inakuya!" Tukavuka mpaka hadi Gisenyi usiku uleule, katikati ya umati uliobeba magodoro kichwani.

Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Niliporudi kumtafuta mteja wangu nikaikuta imeshaganda, nyeusi, imekunjamana, nyufa zikifuka moshi. Lava ni mwamba ulioyeyuka ukatoka nje ya ardhi. Ukiwa bado chini huitwa magma. Ile ya Nyiragongo ina silika kidogo, ndiyo maana ni nyepesi na hukimbia. Ikikutana na hewa, ngozi ya juu hupoa upesi huku ndani bado ni moto, na gesi zinazotoroka huacha vitundu jiwe zima kama kitumbua kilichokatwa. Watu wa Goma huyajengea kuta mawe hayo, yakiwemo ya mlipuko wa 2002, ambao lava yake ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Wana moyo, wale.

Mimi moyo huo sikuwa nao. Nyumba yangu ipo kilimani Kirumba, imebanwa na mawe makubwa pande tatu, nami niliyadhani ni lava iliyoganda, na tangu nirudi nikawa silali. Lori likitikisa barabara, nipo mlangoni. Nikaamua kuuza, dalali akaleta mnunuzi.

Aliyenizuia ni mtoto wa kaka yangu, anayesomea jiolojia. Alivunja kipande cha jiwe la nyuma ya jiko, akanipa. "Shangazi, tafuta vitundu." Hakuna hata kimoja. Kulikuwa na chembe kubwa, nyingine angavu kama kioo, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi zinazometameta. Hiyo ni graniti, akasema: magma iliyokwama chini sana, ikapoa polepole hadi chembe zikapata muda wa kukua. Haikuwahi kuwa lava. Ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba iliyoifunika ilimomonyoka, maji yakala nyufa zake, yakabaki haya mawe yaliyopandana, na lile jiwe la Bismarck la ziwani hapa Mwanza.

Lava ya kale ipo upande wa Geita, kwenye miamba yenye dhahabu, nayo ilipoa zamani hizo hizo. Volkano hai iliyo jirani nasi ni Ol Doinyo Lengai, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Lava yake ni kituko: joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe.

"Wewe ogopa mvua," akaniambia. Maji yakisomba udongo ulioshikilia jiwe, jiwe linashuka na nyumba.

Dalali nikamwambia biashara imekufa. Usingizi ulirudi, na Goma ninaenda bado. Fedha niliyoitenga ya kuhama nimechimbia mtaro juu ya nyumba, nikapanda majani kwenye mteremko. Kilichobaki ni jirani, anayechimba kifusi chini ya jiwe tunalopakana, maana kifusi kinauzika. Nimemfikisha kwa mwenyekiti wa mtaa, na shauri tunaendelea nalo.