Mikono Miwili, Ubongo Mmoja

Ukipita Chinga, huko Othaya, asubuhi, hebu watazame wachumaji wa chai. Mikono yote miwili huchuma kwa pamoja, majani mawili na chipukizi, na vidole hutambua jani laini na lililokomaa kwa kuligusa tu. Je, ni nani anayeipatanisha mikono hiyo?

Ni ubongo. Habari za mguso kutoka mkono wa kushoto hupanda kwa mishipa ya fahamu, zikavuka njiani na kufika upande wa kulia wa ubongo. Za mkono wa kulia huishia upande wa kushoto. Kati ya pande hizo pana daraja la nyuzi zipatazo milioni 200, ambalo kwalo upande mmoja humpasha mwenzake habari.

Shangazi yangu alichuma chai miaka mingi hadi kiharusi kilipomdhuru upande wa kulia wa ubongo. Alipopata nafuu, ukimgusa mkono wa kushoto, alihisi. Ukimgusa wa kulia, alihisi pia. Lakini ukiigusa yote miwili kwa wakati mmoja, aliapa kwamba ni wa kulia tu ulioguswa. Watu wakaanza kunong'ona, "Mama huyu anajifanya." Siku moja, akiwa ameshika kikombe kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto uliegemea sufuria ya moto. Hakujua mpaka ngozi ilipobabuka.

Hakuwa akijifanya. Habari za mikono miwili zinapofika pamoja, hugombea nafasi kama abiria wa matatu ya Karatina siku ya soko. Katika ubongo wenye afya, zote hupata kiti. Katika ubongo ulioumia, mkono wenye nguvu humfungia mlango mwenzake. Madaktari huipima hali hii kwa kuigusa mikono yote miwili huku mgonjwa amefumba macho.

Basi, ikiwa una mgonjwa kama huyo nyumbani, usimwite mwongo. Mzoeshe kuutazama mkono ulio dhaifu, na uweke vitu vya moto mbali nao. Na ukiona uso wa mtu umepinda, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito ghafla, mkimbize hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa kabla ya saa 4 na nusu kupita. Wewe nawe, msomaji, kapime presha.