Februari ya Njiwa na Bunduki

Mwezi wa wapendanao, mashamba ya Norfolk yanafungua misitu yake, watu wanatungua njiwa, na ndoo ya michango inajaa. Ni hisani kweli au ni kisingizio? Tulikwenda kuona.

Februari kwetu mjini ni mwezi wa waridi jekundu, kadi za makopa na meza ya watu wawili. Na njiwa, kama unavyojua mpenzi msomaji, ndiye ndege wa mapenzi. Ndiye anayetumwa salamu kwenye taarabu, ndiye anayechorwa kwenye kadi za harusi, wawili wawili, midomo imegusana.

Sasa sikia hii. Norfolk, mashariki mwa England, Februari hiyohiyo ndio mwezi wa kuwasubiri njiwa msituni jioni wanaporudi kulala, na kuwatungua. Tena si kwa kificho. Wenye mashamba makubwa wanafungua misitu yao siku za Jumamosi, watu wanakuja na bunduki, kila mmoja anatumbukiza hela kwenye ndoo, na hela hiyo inakwenda kusaidia wagonjwa. Yaani unaua njiwa, unaokoa mtu. Inaingia akilini?

Huko nina shoga yangu, Mtanzania aliyeolewa na mtoto wa mkulima. Miaka yote alikuwa akiniambia, "Njoo Februari uone wakwe zangu wanavyofanya Valentine." Nilidhani utani. Safari hii nikaenda.

NORFOLK YENYEWE

Unapanda treni London, kituo cha Liverpool Street, na baada ya kama saa mbili uko Norwich. Ukitoka mjini kwa gari unaanza kuelewa kwa nini watu wa huku wanapenda anga. Nchi ni tambarare, hakuna mlima wa kukukinga na upepo unaotoka Bahari ya Kaskazini. Baridi yake si mchezo, inaingia mpaka kwenye mifupa. Makanisa ya zama za kati yamebaki zaidi ya 650, mengi kuta zake ni za mawe ya gumegume, na kila kanisa unaliona kutoka kwa jirani yake.

Katikati ya makanisa hayo ni mashamba: ngano, shayiri, viazisukari na kanola, ule mmea wa mafuta wenye maua ya njano, ndugu wa kabichi. Februari maua hayajatoka bado. Ni majani tu, mabichi, laini, wakati kila kitu kingine kimekauka. Hapo ndipo penye kesi yote. Kumbuka hilo jani.

Hapa na pale kuna vipande vya msitu. Usidhani ni pori la asili. Mashamba ya ukoo mengi yalipanda au kuacha misitu hiyo kwa ajili ya fezanti, ndege jamii ya kwale mwenye mkia mrefu, ambaye kumwinda kwake ni biashara kubwa. Msimu wa fezanti unafungwa Februari 1. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kuingia msituni kupiga kelele. Ukishafungwa, misitu iko wazi, na njiwa wamejaa.

MTUHUMIWA

Njiwa anayezungumzwa siye yule wa mjini anayeokota makombo. Huyu ni njiwa wa misituni, mkubwa kuliko njiwa wote wa Uingereza, kama nusu kilo, ana doa jeupe kila upande wa shingo na mstari mweupe kwenye bawa. Nchi nzima inakadiriwa kuwa na jozi milioni 5 hivi zinazozaa. Wakiruka pamoja wakati wa baridi unaweza kudhani ni wingu.

Kama mzazi, hana aibu. Jike hutaga mayai mawili, wote wawili huatamia, na wote wawili, baba na mama, hutengeneza maziwa mazito kwenye gole, ule mfuko wa chakula ulio shingoni, wakawalisha makinda. Kinababa wa magazeti ya mapenzi wangejifunza kitu hapo.

Lakini kwa mkulima huyu ni mwizi. Zamani njaa ya baridi ilikuwa inawapunguza. Mtaalamu R. K. Murton, ambaye kitabu chake juu ya ndege hawa kilitoka mwaka 1965, alionyesha jinsi maisha yao ya baridi yalivyotegemea majani ya klova mashambani. Kuanzia miaka ya 1970 kanola ikaenea Uingereza. Ikawa kama mtu kufungua hoteli ya bure katikati ya njaa. Njiwa wakaacha kufa, wakaongezeka. Kwa hiyo ukitafuta aliyewaleta njiwa hawa shambani, anza na mkulima mwenyewe.

SAA NANE MCHANA, NDANI YA MITI

Jumamosi ile tulikuta magari yamejipanga nje ya ghala. Walikuwa watu 14 wenye bunduki, wanawake watatu kati yao, na mbwa kila kona. Mlinzi wa misitu ya shamba, unaweza kumwita bwana nyama wa pale, alisoma masharti kama mwalimu wa zamu. Nani asimame wapi. Usipige chini ya usawa wa miti. Okota maganda yako ya risasi. Usipige ndege usiyemjua, maana kuna njiwa mwingine mdogo, asiye na doa jeupe shingoni, ambaye analindwa na sheria.

Halafu ndoo ikapita. Pauni 20 kila bunduki.

Siri ya mchezo huu ni kwamba msitu mmoja hautoshi. Ukipiga huku, njiwa wanahamia kwa jirani, wanalala zao. Ndiyo maana mashamba ya eneo zima yanakubaliana Jumamosi zilezile, kuanzia Februari mpaka mwanzoni mwa Machi, ili ndege wakikosa pa kutua huku wasukumwe kule. Na siku nzuri ni siku mbaya: upepo ukivuma, njiwa hushuka chini, na hutua wakiukabili upepo, kwa hiyo mpigaji anajua watatokea wapi.

Nilisimama na mume wa shoga yangu kwenye shina la mti, nguo za kiza, kofia hadi kwenye nyusi. Aliniambia neno moja tu: "Usisogee." Njiwa anaona uso mweupe au mkono unaocheza kutoka mbali sana. Basi tukakaa kimya saa nzima. Miguu ikafa ganzi. Nikasikia matone, panya kwenye majani makavu, bunduki moja mbali sana, puu, halafu kimya tena.

Kama saa kumi walianza kuja. Kwanza mmoja mmoja, halafu makundi, kijivu juu ya kijivu, mabawa yamekunjwa kidogo kuushika upepo. Hawapiti polepole. Una sekunde mbili kwenye uwazi wa matawi, basi. Shotigani inatoa chembe nyingi ndogo, watu wanadhani ni rahisi. Wapi! Yule bwana alipiga mara tisa akapata watatu. Mmoja alianguka akiwa hai, akapigapiga bawa. Mbwa alimfikisha haraka, na yule bwana akammaliza papo hapo kwa mikono yake, bila neno. Hapo sikufurahi, na sioni sababu ya kukuficha.

SWALI LA SHOGA YANGU

Giza lilipoingia tulirudi ghalani kunywa supu. Ndoo ilikuwa na pauni 280. Watu wakapiga makofi. Shoga yangu, ambaye hajawahi kushika bunduki na hana mpango, akaweka 20 zake juu, halafu akamgeukia mumewe mbele za watu kwa ile sauti yetu ya kiswahilini: "Hivi, mume wangu, kama nia ni kuchangia, si mtoe hela tu mwende nyumbani?"

Kimya. Mama mkwe akatabasamu ndani ya kikombe chake.

Swali ni zito kuliko linavyosikika. Michango ya namna hii mara nyingi huenda kwa helikopta za wagonjwa au nyumba za kuwatunza wanaokaribia kufa. England helikopta hizo zinaendeshwa na mashirika ya hisani, na nyumba za kuuguzia zinategemea michango kwa sehemu kubwa. Hata Prince William aliwahi kurusha helikopta ya hisani ya East Anglian Air Ambulance kutoka uwanja wa Cambridge, 2015 hadi 2017. Kwa watu wa vijijini, ambako hospitali iko mbali na barabara ni nyembamba, hilo si jambo la hisani ya kupiga picha. Ni baba yako aliyenasa kwenye trekta.

Lakini helikopta ikiruka mara moja gharama ni maelfu ya pauni. Pauni 280 haziinui hata mkia wake. Mashamba mengi, Jumamosi nyingi, ndio zinakuwa kitu.

Mume hakujibu kwa maneno. Alichukua kisu kidogo, akapasua gole la mmoja wa wale njiwa watatu juu ya meza. Likamwagika tope la kijani, majani ya kanola yaliyosagwa, mengi kuliko nilivyodhani ndege mmoja angebeba. "Hii ndiyo sababu," akasema. "Ndoo ni ziada."

SHERIA INASEMAJE

Na sheria iko upande wa hilo gole. Tangu sheria ya mwaka 1981, kila ndege wa porini Uingereza analindwa. Njiwa wa misituni anapigwa England kwa leseni za jumla tu, ambazo huhitaji kuziomba lakini unabanwa na masharti yake. Inayohusu mazao inaitwa GL42. Inataka kuwe na hatari ya uharibifu mkubwa wa mazao, na inataka mkulima awe amejaribu njia nyingine kwanza. Kule nako wanaamia ndege: wana mizinga ya gesi inayolipuka yenyewe, wana sanamu, wana tiara zenye umbo la mwewe. Katika leseni hizo hakuna ya starehe. Wala hakuna ya hisani.

Watu walikumbushwa hilo kwa nguvu mwaka 2019. Kikundi cha Wild Justice, kilichoanzishwa na mtangazaji Chris Packham na wenzake Mark Avery na Ruth Tingay, kilipinga kisheria utaratibu wa leseni hizo. Aprili 25 mwaka huo zile za zamani zikafutwa, wakulima wakapiga kelele kwamba mazao yanaliwa, na serikali ikalazimika kutoa mpya zenye masharti ya wazi zaidi. Wengine walikasirika, wengine walishangilia. Kilichobaki ni swali ambalo kila mwenye msitu anatakiwa awe na jibu lake: unalinda zao gani?

Kwa mtazamo wangu, shoga yangu na mumewe wote wako sawa. Hisani haihalalishi risasi. Kama hakuna shamba linaloliwa, pauni 20 zako ni nzuri vilevile bila njiwa kufa, weka kwenye ndoo ukanywe chai. Lakini kama shamba linaliwa, na ndege watapigwa kwa vyovyote, basi kuwakusanya watu siku moja, wakapiga kwa utaratibu, wakala walichoua na wakamkumbuka mgonjwa wa jirani, hilo nitalitetea. Ubaya unaanza pale ndoo inapotangulia shamba.

JIKONI KWA MAMA MKWE

Hakuna kilichotupwa. Jumapili mama mkwe alinifundisha: unapasua ngozi ya kifua, unatoa minofu miwili mieusi kama maini, chumvi, pilipili manga, siagi ya moto, dakika mbili tatu kila upande. Ukizidisha inakuwa soli ya kiatu. Shoga yangu naye akaongeza tangawizi na ndimu, na kikaango kikaisha kabla sahani hazijafika mezani. Mume akala kuliko wote. Amani ikarudi nyumbani, na Valentine ikawa imeisha hivyo.

UKIPATA MWALIKO

Uliza mambo mawili kabla ya kukubali: shamba gani linaloliwa, na hela inakwenda wapi. Mwenyeji mzuri hachukii maswali hayo.

Bunduki si ya kubeba kama mwavuli. Ukitoka nje na yako, unahitaji kibali cha mgeni kinachotolewa na polisi, na mwenyeji wako ndiye anayeanza kukiombea mapema. Kwenda kutazama tu kunatosha kabisa.

Vaa rangi za kiza, buti za mpira, soksi mbili, na kofia inayoficha uso. Nyekundu ya Valentine acha hotelini. Ziba masikio.

Beba hela taslimu za ndoo. Hata usipopiga, toa.

Na ukiwa na mwenzi asiyependa bunduki, usimlazimishe. Mwache ghalani na supu. Huenda ndiye atakayeuliza swali la maana kuliko yote siku hiyo.