Subira si Kunyamaza: Habari ya Kuingojea Motokaa ya Umeme

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda kuwaandikia ndugu zangu Waislamu, na hasa vijana wanaoanza kushika mambo ya nyumba zao, juu ya jambo moja lililoingia kwetu zama hizi: kununua kitu ambacho bado hakijaundwa.

Jambo lenyewe si geni. Tangu zamani mtu wa Lamu alikwenda Matondoni akaagiza jahazi, akakaa akiziona mbao zikichongwa mpaka chombo kikashuka majini. Nasi huku bara twaagiza mlango kwa seremala, na kila tupitapo njiani twamwuliza kazi imefika wapi. Lililo geni ni kwamba siku hizi fundi yuko ng'ambo ya bahari, hatumjui uso wala jina, na kitu tukiagizacho ni motokaa iendayo kwa umeme. Mwagizaji hutoa fedha, hupewa karatasi, kisha huambiwa arudi nyumbani angoje. Je, Mwislamu angoje vipi?

Naliuliza swali hili kwa sababu nyumba yetu hapa Nangwa, chini ya Mlima Hanang, imo katika kungoja huko. Sisi ni watatu: mimi, kaka yangu afanyaye biashara ya nafaka Katesh, na dada yetu ambaye ni mwuguzi Dar es Salaam. Mama yetu amekuwa mtu mzima, na kila mwezi hana budi kwenda hospitali. Tuliuza ng'ombe, dada akaongeza akiba yake, tukaagiza kwa mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam motokaa ndogo ya umeme iundwayo China. Tuliichagua ya umeme kwa kuwa mashine yake ina vyuma vichache vya kuchakaa, na kwa kuwa chakula chake chapatikana humu humu nchini. Petroli twaiagiza nje, lakini umeme twaupata kwa maji yetu wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere peke yake katika mto Rufiji limewekwa mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme Februari 2024.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja tulimwendea shehe wetu, tukamwuliza kama biashara ya namna hii yafaa, maana tulikuwa tumesikia kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asicho nacho. Shehe akatueleza kwa utulivu. Alisema kwamba Mtume alipohamia Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya kuvunwa, kwa mwaka mmoja, miwili na hata mitatu. Hakuwakataza kabisa, bali aliwaamrisha kwamba atoaye fedha mbele atoe kwa kipimo kinachojulikana, kwa uzani unaojulikana, na kwa muda unaojulikana. Hiyo ndiyo biashara iitwayo salam. Akasema pia kwamba Mtume mwenyewe aliagiza pete ya fedha itengenezwe kwa kupigia mhuri barua za wafalme, na kwamba alimwomba mwanamke mmoja wa Kiansari amwambie mtumishi wake seremala aunde mimbari. Kuagiza kitu kiundwe wanavyuoni hukuita istisnaa.

Kisha akatuonyesha palipo na hitilafu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu Afrika Mashariki, hawakuupa uagizaji huu mlango wake peke yake. Waliuingiza katika salam, na sharti la salam ni thamani yote itolewe katika kikao kile kile cha mapatano. Wanavyuoni wa Kihanafi waliuruhusu kuwa mlango wake mbali, kwa sababu ya haja ya watu na desturi yao. Na mnamo Mei 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jedda, lilitoa uamuzi wake wa 65, kwamba mapatano ya istisnaa huwafunga pande zote mbili, maadamu kitu kimeelezwa jinsi yake, aina yake na kiasi chake, na muda umewekwa; na thamani yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Kwa uamuzi huo tulipata njia ya kulipa nusu siku ya kuagiza na nusu siku ya kupakia melini.

Basi tukaandika. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 282, kwamba tukikopeshana kwa muda tuandike. Nayo ni aya ndefu kupita zote katika Qurani, kana kwamba Mola wetu alijua ni jambo gani tutakalolipuuza zaidi. Tuliandika aina ya motokaa, ukubwa wa betri, rangi, bei, muda wa miezi 5, na sharti moja lililotiwa na dada: kwamba ukizidi muda kwa siku 60, tutakuwa na hiari ya kurudishiwa fedha zetu zote. Kaka aliona haya kulitaja sharti hilo mbele ya mwuzaji, ikawa kama kwamba twamdhania ubaya. Dada akamwambia, “Kaka, kuandika si kudhani ubaya. Kuandika ni kumlinda yeye nasi, ili shetani asipate pa kuingia.”

Wasomaji watukufu, msione kwamba sharti hilo lilikuwa la bure. Tazameni yaliyowapata wengine duniani. Machi 31, 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani ilianza kupokea dola 1,000 kwa kila mtu aliyetaka kuwekewa motokaa iitwayo Model 3, na mamia ya maelfu ya watu wakatoa. Motokaa 30 za kwanza zilikabidhiwa Julai 2017, na wengi katika walioagiza walingoja hata 2018 na baadaye. Hao walau motokaa ilikuja, na aliyechoka aliweza kudai dola zake. Walakini huko München, Ujerumani, kampuni ya Sono Motors iliahidi motokaa iitwayo Sion, itakayovuta nguvu za jua kwa mwili wake wote. Zaidi ya watu 20,000 walitoa fedha mbele. Na Februari 2023 kampuni ikatangaza kwamba haitaiunda tena, ikaanza kupanga namna ya kurudisha fedha kwa mafungu.

Nao jirani zetu wa Uganda wana somo lao. Novemba 2011 walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliiendesha hadharani Kiira EV, motokaa ya umeme ya watu 2 waliyoiunda wenyewe, na Februari 2016 wakaonyesha basi la Kayoola linalosaidiwa na nguvu za jua. Ilikuwa fahari ya Afrika Mashariki nzima. Hata hivyo, kutoka siku ile ya 2011 ilipasa kutafuta fedha, ardhi na mitambo, na kujenga kiwanda Jinja. Kuunda motokaa moja ya kuonyesha ni jambo la mafundi hodari. Kuunda elfu za kuuza ni jambo la miaka. Asiyeijua tofauti hiyo humwita kila mchelewaji mwongo.

Na kwa hakika sababu za kuchelewa ni nyingi. Bati la mwili hukatwa, huungwa na kupakwa rangi. Lakini moyo wa motokaa hii ni betri, nayo ni seli nyingi zilizopangwa pamoja, zenye lithiamu na grafiti, na katika aina nyingine nikeli na kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, upande wa Kolwezi, na grafiti imo hata katika ardhi yetu, huko Mahenge. Kitu kimoja kikikosekana, kazi yote husimama, kama ilivyokuwa mwaka 2021 viwanda vingi vya motokaa duniani viliposimamisha kazi kwa kukosa vipande vidogo vya elektroniki. Ndiyo maana Baraza lile la Fiqhi, lilipokubali kwamba mwundaji atozwe fidia akichelewa ikiwa wamepatana hivyo, lilimtoa yule aliyezuiwa na jambo lisiloepukika. Sisi watu wa Hanang twalifahamu neno hilo. Disemba 3, 2023 tope na mawe viliteremka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Lau seremala wa Katesh alikuwa na mlango wa mtu siku ile, nani angethubutu kumdai fidia ya kuchelewa?

Mwezi wa 5 ulipokwisha hatukuona motokaa wala barua. Tukamwandikia mwuzaji kwa adabu. Akajibu kwamba betri za aina yetu zimechelewa kiwandani. Mwezi wa 6 akatujia mtu kutoka Babati aliyesikia habari zetu. Alitaka tumwuzie zamu yetu, achukue yeye motokaa itakapofika, naye atupe fedha zetu na faida nzuri juu yake. Kaka alivutika. Alisema fedha ile yatosha kununua motokaa kuukuu ya petroli mara moja, na kilichobaki kiwe mtaji wa nafaka. Na mama angepata usafiri wake wiki ile ile. Nami sikumlaumu, kwani maneno yake yalikuwa na uzito.

Mama alikuwa ameketi akisikiliza. Akasema, “Wanangu, ndama wa tumboni hauzwi.”

Hakusoma vitabu vya fiqhi, lakini amelelewa na ng'ombe, na neno lake liliangukia mahali penyewe. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza mimba iliyo tumboni mwa ngamia, na alikataza mtu kukiuza chakula alichonunua kabla hajakipokea, naye Ibn Abbas aliona kwamba vitu vyote ni kama chakula katika hukumu hiyo. Sisi tulikuwa na karatasi tu. Tungemwuzia mtu kitu tusichokishika, na hasara ikitokea, faida tungekuwa tumeila na taabu tumemwachia yeye. Tukamwambia yule mgeni hapana, naye akaondoka kwa heshima.

Mwezi wa 7 ulipotimia, hiari yetu ikawa mkononi. Dada sasa ndiye aliyetaka fedha zirudi. Alisema hospitali haingoji betri. Kaka akataka tungoje. Tulikaa usiku mzima katika simu. Mwisho tukaafikiana hivi: tumemwandikia mwuzaji kwamba twampa miezi 2 zaidi, kwa kuwa amesema kweli na hakujificha, na kwa kuwa Mola wetu ametuamrisha tumpe nafasi mdaiwa aliye katika dhiki, lakini muda huo mpya uandikwe, na hiari yetu ibaki pale pale. Akakubali, akatia sahihi. Na kwa miezi hiyo 2 sisi watatu twachanga nauli ya gari la kukodi la kumpeleka mama, ili subira yetu isiwe mzigo juu ya mgongo wake.

Hapo ndipo nilipofahamu maana ya neno hili tunalolitamka kila siku, kwamba subira yavuta heri. Wengi wetu hudhani kusubiri ni kunyamaza na kuona aibu kuuliza. La. Anyamazaye kwa kutoijua haki yake hasubiri, bali ameshindwa. Kwani hana la kuacha wala la kusamehe. Asubiriye ni yule aijuaye haki yake, aiwezaye, kisha akampa mwenziwe nafasi kwa ajili ya Mungu, na nafasi hiyo akaiwekea mpaka. Vilevile kungoja si kukaa bure. Soketi ya kawaida ya nyumbani ikitoa kilowati 2, betri ya kilowati-saa 40 itahitaji saa 20 kujaa. Kwa hiyo tumekwisha kumwita fundi umeme mwenye leseni atupitishie waya mpya, maana motokaa ikifika na kuiunguza nyumba haitakuwa neema.

Basi, enyi vijana, mkitaka kuagiza motokaa, pikipiki ya umeme, au hata kitanda cha harusi, shikeni haya. Kwanza, ulizeni wenye elimu kabla ya kulipa, wala si baada ya kugombana. Pili, andikeni jinsi ya kitu, bei, muda, na litakalofuata muda ukipita, na mpate mashahidi. Tatu, jueni kama fedha mtoayo ni sehemu ya bei au ni arbuni, na kama yarudi au hairudi. Nne, msiuze kilicho katika karatasi. Tano, msikimbilie mkopo wa riba ili kujaza upungufu, kwani motokaa yaweza kuchelewa lakini riba haichelewi hata siku moja. Na sita, msizifanye nyumba zenu zikawa na ugomvi kwa ajili ya kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Al-Anbiya kwamba mtu ameumbwa na haraka. Twamwomba atupe utulivu pasipo uzembe, na msimamo pasipo ukali. Abariki fedha za halali zilizotolewa na kila nyumba yenye kungoja. Na awajaalie wauzaji wetu wawe watimizaji wa ahadi. Amin.