Adabu Wakati wa Kufinyanga

Waalimu wenzetu wengi hawaiogopi saa ya hesabu kama waiogopavyo saa ya kuchora na kufinyanga. Katika hesabu mtoto hukaa mahali pake, kalamu mkononi, na akitaka kucheza huonekana mara moja. Walakini wape watoto hamsini na wawili maji, udongo na vijiti, uone. Huyu amwaga, yule ampaka mwenziwe shavuni, na wa tatu amesimama mlangoni akilia kwamba hakupewa kitu. Mwalimu wa chumba cha pili huja kuuliza kuna nini. Ndiyo sababu katika shule nyingi somo hili limo katika ratiba, lakini saa yake ikifika watoto huambiwa watoe madaftari ya Kiingereza.

Sisi nasi tulifanya hivyo kwa muda, wala hatuoni haya kusema. Tulilirudia somo kwa kuwa shule yetu iko upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, si mbali na Matema, na mahali kama hapo ni aibu mtoto kumaliza shule asijue udongo. Wakisi wa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya maji na milima ya Livingstone, ni wafinyanzi mashuhuri tangu zamani, na vyungu vyao huuzwa mbali sana na kwao. Kazi hiyo ni ya wanawake. Binti hujifunza kwa mama yake. Neno hili tulilijua vema, lakini hatukulitia moyoni tulipopanga somo, na ndilo lililotuangusha.

Katika darasa la tano palikuwa na mvulana mmoja ambaye siku ya kwanza alifanya vidonge vya udongo akavirusha darini, vikanasa. Tulipomwuliza kwa nini hafanyi kazi, alijibu kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mwalimu, mimi si mke wa mtu!" Wavulana wakacheka, na kabla hatujafika mezani kwake vidonge vilikuwa vikiruka kutoka kila upande. Tukatwaa rula, tukampiga viganjani mara tatu.

Yafaa tuseme wazi kwamba katika jambo hili mkosaji wa kwanza alikuwa mwalimu. Kanuni za Tanzania zaruhusu adhabu ya viboko shuleni, lakini huitoa mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, kisha yaandikwa kitabuni. (Jirani zetu wa Kenya waliiondoa kabisa katika mwaka 2001.) Sisi hatukuwa na ruhusa wala hatukuandika lolote. Tena tulimpiga mikononi, katika somo ambalo mtoto huja na mikono yake tu.

Juma la pili yake hapakuwa na ghasia. Yule mvulana alikaa ameikalia mikono yake, na wenziwe walifinyanga bila kunong'ona. Mwalimu mkuu alipita dirishani akatusifu. Kimya kile kilitudanganya majuma matatu mazima, ingawa vyombo vilivyotoka humo vilikuwa vibovu, vizito kama mawe, vyote vimefanana, maana kila mtoto alikuwa akitazama cha mwenziwe asije akakosea.

Hata siku moja jioni tulirudi darasani kuchukua funguo tulizozisahau, tukamkuta yule mvulana peke yake mbele ya ndoo ya mabaki. Hakutusikia. Alikuwa akiukanda udongo kwa kiganja, akiukunja na kuukanda tena, akitoa vijiwe kimoja kimoja na kuviweka kando; kisha akaukata bonge katikati kwa uzi, akautazama ndani kama una matundu ya hewa. Hakuna mtu shuleni aliyejua kufanya hivyo, sisi wenyewe hatukujua. Alipogeuka na kutuona, aliutupa udongo ndooni na kuficha mikono yote miwili mgongoni.

Tulichukua funguo tukatoka. Kesho yake tulimwendea mama yake, tukajua kwamba amezaliwa Ikombe. "Mwalimu," alisema, "huyu tangu mdogo alikuwa akikaa karibu nami nikifinyanga, nami nilimwachia. Tangu wenzake waanze kumwita jina la kike, hataki hata kunichotea maji ya kazi." Basi yule aliyekuwa wa kwanza kuutukana udongo ndiye aliyekuwa na jambo la kuficha. Tuliiona dharau yake, hofu yake hatukuiona.

Tulimwomba awe mwandalizi wa udongo. Alikataa, wala hatukumlazimisha. Badala yake tuliketi sisi wenyewe sakafuni mbele ya darasa, mwanamume wa makamo mwenye shati jeupe, tukafinyanga chungu. Kikabonyea upande mmoja. Darasa likacheka, nasi tukacheka. Tukaanza tena, kikapasuka ukingoni. Mara ya tatu yule mvulana hakuweza kuvumilia. "Mwalimu, hukuukanda," akasema, na kabla hajajikumbuka alikuwa amekwisha kuushika.

Msomaji asidhani kwamba tangu siku hiyo darasa limekuwa la malaika. Mengine ilitubidi tuyapange kwa akili ya kawaida. Tuligundua kwamba ghasia nyingi huzaliwa na kungoja: kipindi ni dakika 40, nasi tulikuwa tukipoteza karibu nusu yake katika kugawa. Siku hizi udongo hukatwa mapema, mabonge ya kadiri ya chungwa, nayo maji hutiwa katika bakuli moja kwa kila watoto sita, tena kidogo, maana maji mengi ndiyo mchezo wenyewe. Dakika kumi za mwisho ni za kuosha, hata kama kazi haijaisha. Tukitaka kusema nao hatupigi kelele juu ya kelele yao. Twainua mkono wenye udongo, na kila auonaye huinua wake. Mazungumzo hatuyazuii. Mwalimu akisikiliza vizuri atatambua kelele ya watu wanaofanya kazi na kelele ya watu waliokosa la kufanya, na hii ya pili mara nyingi ni kosa lake.

Arushaye udongo huuokota mwenyewe, akaondoa mchanga na majani yaliyoshika, akaukanda upya mpaka ulainike. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na wengi hawairudii. Lakini hatumfukuzi, wala hatumnyimi udongo.

Jambo la mwisho lilikuwa gumu kwetu kuliko kwa watoto, nalo ni kutotia kidole katika kazi ya mtoto. Zamani tulikuwa tukiona sikio la ng'ombe limekaa vibaya, twalinyosha. Mtoto hunyamaza, kisha hukibonyeza kitu chote kikawa bonge, nasi tukamwita mkaidi. Margaret Trowell, aliyefundisha sanaa Makerere kuanzia miaka ya 1930, aliwataka wanafunzi wake wachore maisha waliyoyaona kwao kuliko kunakili picha za Ulaya. Sisi twafundisha watoto wadogo, wala si wasanii, lakini ng'ombe wa mtoto naye ni wa kwao.

Yuko msichana mmoja mwaka huu ambaye huvunja vitu vya wenziwe mara tu tunapogeuka. Hatujajua sababu. Twamkalisha karibu nasi, na twangoja.

Yule mvulana alikwisha maliza shule ya msingi. Mwaka wake wa mwisho tulichoma vyombo nyuma ya jiko la shule, kwa nyasi na kuni, bila tanuru. Vilikuwa 41, na vilivyopasuka ni 13. Watoto walisimama kuuzunguka moto bila kuambiwa wanyamaze. Chake kilikuwa bakuli dogo, jembamba kuliko yote, nalo lilitoka zima. Aliligongagonga kwa ukucha, akasikiliza, kisha akalitia ndani ya shati ili lisionekane njiani, akaenda nalo kwa mama yake.