Jino Halisubiri Desemba

Karatasi ilikuwa moja tu, imechapwa pande mbili, na chini yake palikuwa na mahali pa kutia sahihi kabla daktari hajagusa kitu. Baba mmoja mwenyeji wa Tanga, mkazi wa Silver Spring katika jimbo la Maryland, aliipokea kwenye kliniki ya meno mwezi Machi huku shavu limemvimba. Gego la chini kushoto: ruti kanali, dola 1,250. Kofia ya jino hilohilo: dola 1,500. Upande wa pili ulikuwa wa binti yake wa miaka 13, aliyekwenda kumsindikiza baba tu, naye akaombwa afungue mdomo mara moja. Waya za kunyoosha meno, dola 5,400, zilipwe kwa miezi 24. Mama mwenye nyumba alikuwa bado hajakalia kiti.

"Tuna bima," alisema yule baba, kwa sauti ya mtu anayekatwa kila mshahara. Dada wa mapokezi akaitikia kwa upole. Bima ilikuwa imeshapigiwa simu.

Wenzetu walioko Marekani wanaijua simu hiyo. Bima ya meno ya huko ni kama mjomba wa michango ya harusi: ahadi yake inajulikana tangu kikao cha kwanza, na gharama zikizidi hapatikani. Mipango mingi huweka ukomo wa kati ya dola 1,000 na 2,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ukomo wa dola 1,000 ulizoeleka tangu miaka ya 1970, na dola 1,000 za mwaka 1975 ni karibu dola 6,000 za leo. Bei za kliniki zimepanda, ukomo haujasogea sana. Kusafisha meno na kupiga picha kwa kawaida hulipiwa yote, kuziba jino karibu asilimia 80, kofia nusu, na mara nyingi mpaka mtu angoje miezi sita au mwaka tangu ajiunge. Yule baba alilipiwa nusu ya vyote viwili: nusu ya dola 2,750 ni dola 1,375, na ukomo wake ni 1,500. Gego moja lilikula bima ya mwaka mzima, zikabaki dola 125, na mvua za masika hata hazijaanza. Waya za binti hazikuwamo kabisa.

Jioni picha ya karatasi ile ikaingia kwenye grupu la familia. Tiba zikamiminika. Shangazi wa Pangani aliagiza karafuu, mjomba akaagiza maji ya moto na chumvi, binamu aliyeko Leicester akatuma kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Dada yake wa Dar es Salaam akauliza: "Kaka, kwani huko hakuna Muhimbili?"

Swali hilo ni zito kuliko mwenyewe alivyodhani. Nyumbani, mdomo bado ni sehemu ya mwili. Kitengo cha meno kimo ndani ya hospitali ileile ya mkoa, na mwenye kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, anatoa kadi hiyohiyo awe na malaria, macho au jino lililotoboka. Watanzania wengi hawana kadi hiyo, wanalipa taslimu dirishani, na hilo linahitaji makala yake. Lakini hakuna karani anayemwambia mgonjwa kwamba kichwa chake kina bima na meno yaliyomo ndani ya kichwa hayana.

Foleni ya meno kila mtu anaikumbuka. Benchi refu la ukutani, mikono mashavuni, mtoto mmoja ndani anayepiga mayowe na kuwavunja moyo wote walio nje. Nesi anatokea na daftari, anaita jina la pili badala ya la kwanza. Sindano ya ganzi, kungoja mdomo uwe mzito, koleo, pamba. "Uma hapo. Usiteme ovyo. Leo usinywe chai ya moto." Adhuhuri mtu yuko nyumbani, bila jino na bila deni.

Hapo kwenye "bila jino" ndipo penye kasoro, na ni kasoro kubwa. Tiba ya meno inayotolewa zaidi kwenye hospitali zetu za umma bado ni kung'oa. Si kwamba madaktari hawajui kuziba. Mgonjwa anafika baada ya wiki kadhaa za karafuu, Panadol na ushauri wa jirani, uozo umeshaufikia mzizi, na mwenyewe ameshakata shauri tangu kwenye daladala: "Daktari, litoe tu." Ndiyo maana kwenye meza ya wazee harusini mishikaki hubaki na pilau huisha.

Karafuu ya shangazi isidharauliwe, hata hivyo. Mafuta yake, yaani yujinoli, yakichanganywa na unga wa oksidi ya zinki huwa dawa ya kuziba jino kwa muda, na ile harufu inayomlaki mgonjwa kliniki, iwe Tanga au Maryland, ni harufu ya Pemba wakati wa msimu. Karafuu hutuliza maumivu. Jipu halijali.

Mkewe yule baba ni mzaliwa wa Usa River, chini ya Mlima Meru, na meno yake ni ya kwao: kahawia, yenye michirizi. Maji ya ukanda ule wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara yana floraidi nyingi, mahali pengine mara kadhaa ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kulainishia maharage huongeza juu yake. Zamu yake ilipofika, daktari wa Maryland alimshauri abandikiwe vigamba vya kaure kwenye meno sita ya mbele, kila kimoja zaidi ya dola 1,000.

"Hayajawahi kuniuma hata siku moja," alijibu, akashuka kwenye kiti.

Marekani yenyewe inajua kwamba mama huyo ana hoja. Daktari wa meno aitwaye Frederick McKay aliyakuta meno ya namna hiyohiyo Colorado Springs mwaka 1901, akaja kuona kwamba hayaozi ovyo, ingawa yaliyozidiwa hasa humeguka. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba chanzo ni floraidi, na mwaka 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kuitia kidogo kwenye maji ya bomba kwa makusudi, kuwakinga watoto. Mwaka 2025 jimbo la Utah likapiga marufuku kuitia. Wao wanabishana kuiweka, Wameru wanahangaika kuitoa.

Lisilo na mzaha hata kidogo ni imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, mtu anamfunua fizi, anaona uvimbe mweupe wa jino ambalo bado halijatoka, na kabla ya zahanati anapelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli. Madaktari wamelipigia kelele jambo hili kwa miongo kadhaa. Jino lile si ugonjwa, na anayelichimba humwachia mtoto jeraha, uambukizo, na wakati mwingine kaburi. Wanaopasifu nyumbani wakiwa ughaibuni hulisahau hilo haraka.

Kwenye grupu, ushauri uliopata vidole gumba vingi ulikuwa wa shemeji: njoo nalo Desemba. Wengi hufanya hivyo. Kliniki binafsi za Masaki na Mikocheni, na za Nairobi pia, zina vifaa vya kisasa na hufanya ruti kanali na kofia kwa sehemu ndogo ya bei ya Maryland. Hesabu ni nzuri mpaka tiketi iingie. Tiketi ya Desemba mara nyingi hupita dola 1,500 kwa kichwa, na familia ya watu wanne haiwezi kupanda ndege kwa ajili ya gego. Anayekwenda kwa msiba au harusi akatengeneza na jino, huyo amefaidi. Anayekwenda kwa jino peke yake amelipia anga.

Tena kuna kazi zisizoingia kwenye likizo. Waya za mtoto hukazwa kila baada ya wiki chache kwa muda wa karibu miaka miwili. Jino la kupandikiza huhitaji miezi mfupa ushike kabla halijavishwa kofia. Na ruti kanali iliyofanywa haraka haraka katikati ya sendoff mbili ikileta jipu mwezi Februari, daktari wa Maryland ataitazama kazi ya mwenzake, ataguna, kisha atachapa karatasi nyingine yenye pande mbili.

Kwa nini basi gego liwe na bei ya bodaboda mbili? Madeni ya shule ni sehemu ya jibu: mhitimu wa udaktari wa meno Marekani huanza kazi akidaiwa, kwa wastani, karibu dola 300,000, na deni hilo liko ndani ya kila kofia anayoitengeneza. Daktari aliyesomea Muhimbili naye hawezi kwenda kupunguza bei. Majimbo mengi humtaka arudi chuo cha huko miaka miwili au mitatu kwanza, kwa ada zilezile.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu ni kwamba mdomo ulitengwa zamani, na ulitengewa Maryland. Chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani kilianzishwa Baltimore mwaka 1840, mbali na chuo cha tiba, na tangu hapo kila upande ukaenda na njia yake: shule zake, leseni zake, baadaye bima zake. Medicare, bima ya wazee, ilipotungiwa sheria mwaka 1965, matibabu ya kawaida ya meno yaliachwa nje. Makumbusho ya taifa ya udaktari wa meno nayo yako Baltimore, na humo yamo meno bandia ya George Washington. Rais huyo wa kwanza aliapishwa mwaka 1789 akiwa amebakiwa na jino moja la kwake, na seti moja aliyotengenezewa ilichongwa kwa meno ya kiboko. Kiboko asili yake ni Afrika tu. Tumewasaidia siku nyingi.

Kicheko kinaishia katika kaunti ya Prince George's, jirani kabisa na Silver Spring. Mwaka 2007 mtoto wa huko wa miaka 12, Deamonte Driver, alifariki baada ya jipu la jino kupeleka maambukizi kwenye ubongo. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Upasuaji na wiki za hospitali vilifikia takriban dola 250,000. Medicaid ya familia, yaani bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ilikuwa imekatika, na mama yake alikuwa akihangaika kumtafutia daktari mdogo wake, ambaye meno yake yalikuwa mabaya zaidi. Hayo yalitokea kwa mwendo wa gari mfupi kutoka Bunge la Marekani. Mtu wa Handeni akiambiwa atauliza mara mbili kama amesikia vizuri.

Kwenye grupu, yule binamu wa Leicester aliendelea kucheka. Uingereza mtoto aliye chini ya miaka 18 hatozwi chini ya NHS, huduma ya afya ya umma, na mwaka 2025 ruti kanali ya mtu mzima England ilikuwa pauni 75.30. Shida ni kumpata huyo daktari wa NHS. Februari 2024, kliniki ilipofunguliwa St Pauls, Bristol, foleni ilizunguka mtaa mpaka polisi wakaja kuipanga. Bei nafuu kwa kitu kisichopatikana, kicheko kikapungua.

Wiki ileile yule baba alipata ujumbe mwingine, faraghani, kutoka kwa mpwa wake wa Tanga. "Shikamoo mjomba. Jino linanisumbua, naomba unisaidie laki moja." Alituma. Laki moja haifiki dola 50, na Ijumaa mpwa alikuwa ameshazibwa. Mjomba mwenyewe alikuwa anaishi kwa vidonge vya kutuliza maumivu, na kwenye simu ya video alikaa akionyesha shavu la kulia tu. Hakuna aliyemuuliza jino lake limefikia wapi. Anayeishi Marekani hadhaniwi kuumwa jino, anadhaniwa kutuma.

Mwishowe alikwenda Baltimore, kwenye kliniki ya chuo cha udaktari wa meno cha Chuo Kikuu cha Maryland, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao kwa bei iliyo chini ya ile ya mtaani. Kila miadi ilikula nusu ya siku, maana mwanafunzi hapigi hatua mpaka mwalimu aje atazame. Gego limepona, na waya za binti zitapangwa hukohuko.

Njia hiyo ipo kwenye miji mingi ya Marekani yenye vyuo vya meno, na vipo vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kwa kadiri ya kipato. Mtoto mwenye Medicaid ana haki ya kutibiwa meno katika kila jimbo. Kwa Maryland, watu wazima wenye Medicaid nao wameingizwa tangu Januari 2023, kupitia mpango uitwao Maryland Healthy Smiles. Ulizeni kabla ya kupiga simu nyumbani. Na barua ya kuhuisha Medicaid ya mtoto ikifika, ijibuni wiki hiyohiyo. Mkihama nyumba, ipeni ofisi ya Medicaid anwani mpya.