Nani alifunga mifuko ya mahindi?

Wasomaji wangu, leo hakuna kodi. Leo ni mahindi.

Ukiishi Kitale kama mimi huwezi kuyakwepa. Hapa ndipo Michael Harrison alipoanza kuzalisha mbegu bora mwaka 1955. Mwaka 1964 ikatoka H611, mchanganyiko wa mbegu ya hapa, Kitale Synthetic II, na nyingine iliyoletwa kutoka Ecuador, iitwayo Ecuador 573. Mama yangu kule Bungoma bado hupanda mahindi ya ukoo huo. Jina la Harrison utalikuta kila historia hiyo inaposimuliwa, na analistahili. Swali langu ni la mtu wa hifadhidata tu: mbona safu ya majina ina mtu mmoja?

Maana kuchanganya mahindi si kazi ya mezani. Hindi changa hufunikwa mfuko kabla nywele zake hazijatoka, ili chavua ya jirani isiingie. Mbelewele za mmea mwingine nazo hufungwa mfuko. Asubuhi unakung'uta chavua, unaimwaga juu ya nywele, unafunika tena haraka, unaandika tarehe. Halafu mmea unaofuata. Maelfu. Ukikosea mmoja, takwimu za msimu zina uchafu ndani.

Kuka wangu (babu, kwa sisi Wabukusu) alitoka Kimilili akiwa kijana akaja Trans Nzoia kufanya kibarua cha aina hiyo. Enzi hizo ardhi hii ilikuwa ya walowezi, Mwafrika hakuruhusiwa kuimiliki. Alijua kwa kutazama tu ni asubuhi gani ya kufunua mfuko. Leo tungemwita fundi wa utafiti. Yeye aliitwa boi.

Na msidhani shule ingemwokoa. Tume ya Holmes, mwaka 1948, ilipendekeza mtumishi wa serikali Mwafrika alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile. Makerere ilianza uhusiano na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Kabla ya hapo ulitoka na diploma, na ukiwa na diploma wewe ni msaidizi wa mtu. Tume ya Lidbury ilipendekeza mwaka 1954 kwamba mishahara isipangwe tena kwa rangi. Mwaka mmoja tu kabla ya kazi ya Kitale kuanza! Utawaza basi wangapi walikuwa tayari kuwa wanasayansi asubuhi iliyofuata.

Sisi wa tarakilishi jambo hili tunalielewa vizuri, au tunapaswa kulielewa. Git, programu tunayotunzia matoleo ya kodi, ina nafasi mbili tofauti: aliyeandika na aliyeingiza. Mtu anaweza kuingiza kazi ya mwenzake bila kumfuta jina. Waliobuni hivyo hawakuwa wapole kuliko wengine. Walitaka kujua wa kumuuliza kitu kikiharibika.

Karibu na sasa. Bungoma, Kakamega na Vihiga zilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa maji, usafi na lishe, WASH Benefits. Walishiriki wajawazito zaidi ya 8,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 kwenye Lancet Global Health. Wakenya wamo kwenye orodha ya waandishi, lakini wachache, na wala si wa kwanza. Sisemi kuna aliyeibiwa. Nasema fedha hutoka nje, swali hutoka nje, na aliyetembea kwenye matope na dodoso mkononi hushukuriwa mwishoni kwa jumla, kama wapishi wa arusi.

Kabla hatujamaliza kuwanyooshea Wazungu kidole, nina swali la nyumbani. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma inayoruhusiwa kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Rafiki yangu, Msabaoti wa Mlima Elgon mwenye shahada ya kemia, aliomba kazi kwenye maabara moja ya umma huku kwetu. Mimi nilikuwa naweka mtandao hapohapo siku ya usaili. Swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa jina la baba yake na anatoka wapi. Kemia hawakufika. Waliokuwa wakiuliza ni watu wa lugha yangu, na mmoja wao aliniambia baadaye, kwa Kibukusu, akicheka, kwamba "huyu angeenda kwao."

Sasa rafiki huyo anafundisha kidato cha pili katika shule ya kibinafsi hapa Kitale. Nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akasema niandike, ila nisiweke jina lake, maana bado anaomba kazi.

Wiki ijayo tunarudi kwenye PHP.